Pindo la Katikati

Mkono wangu haujui kukaa bure. Nikiona uzi umening'inia kwenye shati la mtu, hata kama simjui, nitaukata. Bibi yangu kule Tanga alikuwa akiniambia ugonjwa huo utanifikisha pabaya. Ulinifikisha Dubai, nikashona mapazia miaka sita, na katika mwaka wa pili nikachukua mkasi nikaikata katikati picha kubwa ya mwanamke aliyekuwa amechora maisha yake yote. Nilikata vizuri, nikapinda vizuri, nikasifiwa. Kwamba nimeharibu, nilikuja kuambiwa yeye akiwa ameshazikwa.

Duka lilikuwa Naif, kwenye uchochoro ambao mikokoteni ya mizigo haikuachi upite. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiunguja aliyefika Dubai akiwa kijana, akaoa huko na kuzeeka huko, tasbihi mkononi na Kiswahili chake cha mjini kizima kabisa. Sisi washonaji tulimwita Ami, kama walivyomwita watoto wa nduguze. Lakini ndiye aliyekuwa kafeel wetu pia. Viza zetu zilisimama kwa jina lake, na hilo hakuna aliyelisahau hata alipokuwa anatuchekea na kutununulia sambusa.

Mbele ya duka tuliuza mapazia, nyuma tulipinda kanga. Zilikuja kwa robota kutoka India, na wafanyabiashara wa Dar, Mombasa na Kampala walipozinunua walitaka chache zikatwe na kupindwa kabisa, za kupeleka zawadi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kazi hiyo. Doti ni kanga mbili zinazofanana, zimechapwa kwenye kitambaa kimoja, na baina yao umeachwa mchirizi usio na maua. Unakata pale kwenye mchirizi, unakunja, unapinda. Ikikaribia Ramadhani nilikuwa nakata kutwa nzima, hata nikilala vidole vinaendelea.

Ami alikuwa mwema, ila kwa kosa la mali ya mteja hakuwa na msamaha. Mwenzangu mmoja, dada wa Uganda, aliunguza kwa pasi pazia la hariri la jumba moja la matajiri. Ami hakupiga kelele. Alisema, "Khalas," akatoa pasipoti yake kwenye droo, na wiki haikuisha yule dada alikuwa kwao. Mimi nilikuwa na binti wa miaka saba kwa mama yangu, na baba yake aliyenipa talaka alikuwa ameshatamka mbele za watu kwamba siku nitakaporudi mikono mitupu ndiyo siku atakayomchukua mtoto. Alikuwa mtu wa kutimiza maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo kila nilipokuwa nashika pasi nilikuwa namshika mwanangu.

Mama yule aliingia asubuhi moja, mrefu, mweusi, nywele fupi nyeupe, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu. Naif ukiwa na sura ile huulizwi unatoka wapi, unaamkiwa Kiswahili moja kwa moja. Nikamwambia, "Shikamoo mama, karibu." Akacheka, akaniuliza kwa Kiingereza hilo neno ni nini, kwa sababu tangu ateremke kwenye teksi watu sita wameshamwambia na yeye amewapita tu. Nikamwambia ni heshima kwa mkubwa, na jibu lake ni marahaba. Akalijaribu mara mbili. Kisha akageuka mlangoni akapaza sauti kuelekea uchochoroni, "Marahaba!" kwa wale wote aliowapita. Mbeba mizigo mmoja akasimama na mkokoteni wake, akainua mkono. Nilimpenda hapo hapo, na mimi si mwepesi wa kupenda wateja.

Alikuwa Mmarekani, mchoraji, mwenye miaka sabini na nane. Alikuwa akiishi na binti yake, mwalimu wa chuo kikuu, kwenye ghorofa refu Dubai Marina. Alikuwa amebeba kitambaa kilichozungushwa kwenye bomba la karatasi ngumu, akampa Ami, akamweleza kwamba si pazia la dirisha. Kulikuwa na ghala Al Quoz ambalo vijana wamelisafisha ili waonyeshe picha humo, na wamemwomba yake. Hataki fremu. Anataka ining'inie kama nguo, ipindwe kingo zote, na juu iwekwe njia ya kupitishia bomba. Akachora duara hewani kwa kidole: kote, kote. Ami akaandika kwenye daftari lake, "Kupinda kote, juu njia ya bomba." Adhana ya adhuhuri ikaingia, akaenda msikitini. Mimi nikabaki na kitambaa na hilo andiko.

Nilikikunjua juu ya meza kubwa ya nyuma. Kilikuwa marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa, urefu wake chumba na nusu, imenyweshwa rangi mpaka upande wa pili. Hakikuwa na mtu, hakikuwa na mti wala nyumba. Upande mmoja bluu, ile bluu ya nguo iliyofuliwa miaka, na rangi ya kutu ikipanda ndani yake kutoka chini. Upande wa pili bluu hiyo hiyo na kutu hiyo hiyo, zikitofautiana kidogo kama kanga zinavyotofautiana wino unapopungua mashineni. Na katikati, toka juu hadi chini, mchirizi wa viganja viwili usiotiwa rangi hata tone.

Mazoea yana taabu. Akili yangu haikuuliza swali hata moja. Nilisema moyoni, kumbe na Marekani wana doti, nikashika mkasi. Pindo nililifanya pana, nikakunja mara mbili ili kitambaa kizito kianguke sawasawa, na ule mchirizi mweupe wote ukaingia ndani, nusu huku, nusu kule. Nilitumia uzi wa rangi ya kutu. Nilishona kwa mkono zile pembe nne za katikati, kwa sababu mashine ingeziminya. Sijawahi kupinda kitu vizuri kama vile, kabla wala baada.

Alipokuja kuchukua, niliziweka juu ya kaunta zimekunjwa moja juu ya nyingine, kama kanga inavyouzwa. Akafungua ya juu. Akatazama huku na huku akitafuta mwendelezo wake. Nikamfungulia ya pili, nikatabasamu.

Aliweka kiganja juu ya pindo la katikati akakivuta taratibu mpaka mwisho, kisha akafanya vile vile kwenye kipande cha pili. Halafu akakaa juu ya bunda la mapazia, mzima mzima. Tasbihi ya Ami ikanyamaza. Ami akanitazama mimi, akatazama kitambaa, na nikaona uso wake ukiwa ule aliokuwa nao siku ya pazia la hariri. Akamwuliza kwa Kiingereza, kwa adabu sana, "Madam, hivi ndivyo ulivyotaka?"

Yule mama akaniuliza nani amekata. Nikasema mimi. Akaniuliza kama nina watoto. Sikuelewa linatokea wapi swali hilo, ila nikajibu ninaye mmoja, yuko nyumbani, ana miaka saba. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Ami akasema, "Ndiyo. Ndivyo nilivyotaka." Akagusa tena kingo. "Na pindo hili ni zuri sana."

Akaomba maji. Nikadhani ni joto.

Alipoondoka nilikuwa nimevimba kichwa. Ami alinitazama akasema, "Wewe mwana umezaliwa na bahati. Mshukuru Mola wako, kisha ufagie." Nikafagia huku naimba.

Wiki mbili baadaye akarudi, safari hii kumwomba Ami ruhusa niwe nakwenda kwake siku za Ijumaa. Magoti hayamruhusu tena kuinama, na anahitaji mtu mwenye mikono. Ami akakubali. Basi kila Ijumaa nikawa napanda basi kutoka Deira, mwendo wa karibu saa mbili kupita winchi na vumbi la majengo, mpaka Marina ambako walinzi wa lango walikuwa Wakenya na waliniita siz.

Alikuwa akichora sakafuni. Anatandika marekani sebuleni juu ya nailoni, anailowesha maji, anamimina rangi iliyozimuliwa mpaka ikawa kama chai, kisha anaisukuma. Kwa kusukumia alitumia ule mpira wa mpini mrefu wa kukaushia sakafu, ambao kila mfanya usafi wa Dubai anao. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo mpini nikaushika mimi, naye akakaa kwenye kiti akiniongoza. "Sukuma. Usifikiri. Hapo umefikiri, ona, imeganda." Mara ya kwanza nilikasirika. Nilimwambia mimi ni fundi, nimezoea kufuata chaki, na rangi ya ndoo nzima inakwenda bila hata ua moja kutokea. Akaniambia nikasirike lakini nisukume. Nikasukuma kwa hasira zangu, na kutu ikapanda kwenye bluu kama maji ya mto yanavyoingia kwenye maji ya bahari, naye akapiga makofi.

Nikazoea. Mchana binti yake alikuwa akitutengenezea saladi zao, nami nikaleta maharage ya nazi, na tukila alikuwa akinisimulia. Alizaliwa mji wa reli kusini mwa Marekani. Mama yake alikuwa mpishi wa shule, baba yake alichora mabango ya maduka: bei ya nyama, bei ya kunyoa. Alimpa binti kazi ya kujaza rangi ndani ya herufi, naye akapenda rangi, herufi akaziona zinambana. Alifundisha kuchora kwenye shule ya serikali miaka thelathini na zaidi, na jioni akachora jikoni, akikunja kitambaa pembeni wakati wa kupakua chakula. Wazungu wenye majumba ya picha walimwambia kazi zake nzuri, ila hazionyeshi kuwa yeye ni mweusi. Watu wake mwenyewe, zama za kugombea haki, wakamwuliza sisi tuko wapi humu, mbona hutuchori tunavyopigwa.

"Uliwajibu nini?"

"Nikawaambia mko humu humu, mmepumzika."

Hawakumwelewa, akasema, na yeye hakuwalaumu. Waliokuwa wanapigwa walikuwa wanapigwa kweli.

Nikamwambia kwetu asingepata shida. Kanga ina korosho, ina madoa, ina mistari na vitu visivyojulikana, na sijasikia mwanamke aliyeuliza hili doa ni nani. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi nikizungumza sipendi kuacha jambo nusu, nikaongeza kwamba kanga lazima iwe na jina, yale maneno ya chini unayomwambia jirani yako bila kufungua mdomo. Kanga isiyo na jina, nikamwambia, ni kitambaa tu. Binti yake akaacha kutafuna. Yeye mwenyewe akasema, "Hivyo ndivyo nilivyoambiwa miaka hamsini," akaniomba maharage mengine. Nilitaka ardhi inimeze. Akanipiga bega akasema usijali, wewe angalau umeniambia ukiwa umenipikia.

Ijumaa nyingine nikamweleza habari ya kitambaa chenyewe. Ami ndiye aliyenifundisha kwamba zamani nguo hii ilikuja Unguja kwa meli kutoka kwao, ndiyo maana bibi zetu wakaiita marekani, na kabla ya maua ya kanga hii ndiyo waliyojifunga. Alinitazama. Akaniuliza miaka gani. Sikujua, nikasema zamani sana, zama za watumwa. Akainama kwa taabu akashika ncha ya kitambaa pale sakafuni, akaisugua baina ya vidole. Mama wa bibi yake, akasema, alikuwa akichuma pamba. Alichumishwa tangu akiwa mdogo kuliko mwanangu, na hakuna aliyemwambia inapokwenda.

Hatukuchora siku ile. Nilimkanda magoti kwa mafuta ya karafuu, akaniuliza bibi zangu walijifungaje, nikasimama nikamwonyesha kwa kile kitambaa chenyewe, kwapani, kiunoni, kichwani.

Na doti nilimweleza, maana aliuliza mwenyewe. Kwa nini ziwe mbili? Nikamwambia moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Au unakata, moja unabaki nayo, ya pili unampa mtu wa moyo wako, mama, dada, shoga. Mkipita njiani watu wanaona kanga moja miili miwili, wanajua hawa ni wao kwa wao.

"Na wakitengana?"

"Kanga haijui," nikasema. "Inaendelea kufanana."

Aliliandika hilo kwenye karatasi, kwa zile herufi zake zinazotetemeka.

Maonyesho ya Al Quoz yalifunguliwa majira ya baridi. Nilivaa baibui langu la harusi za watu. Vile vipande viwili vilikuwa vimening'inizwa vikitazamana, katikati yake pameachwa njia ya upana wa mlango, na watu wakapita humo. Waliingia wakizungumza, wakatoka kimya. Mimi mwenyewe nilipita mara tatu. Kifua kilinilegea, kama mtu aliyetoka juani akaingia chumba chenye sakafu ya saruji. Karatasi ya ukutani iliandikwa jina lake, miaka, na neno moja: Doti.

Kijana wa gazeti akamwuliza ni kwa nini aliikata. Akanielekeza kwa mkono, "Mwenye mkasi ni huyu." Ewe Mola. Nilishika kiuno. Niliwaeleza watu wa suti na abaya za thamani namna anayejua kazi anavyotafuta mchirizi wa katikati, anavyokunja, kwa nini pembe zishonwe kwa mkono. Nikasema wazi kwamba asiyejua kanga angeacha kitambaa kile kizima, kikawa zulia. Walicheka, wakapiga makofi. Yeye alisimama pembeni akiitikia kila neno kwa kichwa, uso umechangamka. Binti yake aligeuka akatazama ukuta. Nikajisemea, huyu ananionea wivu kwa mama yake. Hata leo nikikumbuka, uso unaniwaka moto.

Baada ya hapo akawa hachori ila doti. Kila kitambaa aliacha mchirizi katikati, kikikauka ananipa mkasi. "Nikate wapi?" "Wewe ndiye unayejua." Tulitengeneza saba. Zilikwenda kwa watu wa huko na huko, baadhi jozi, baadhi moja moja, naye akasisitiza kwamba anayenunua moja aambiwe mwenzake yuko wapi. Kwao, magazeti yaliyompita miaka yote yakaanza kumwandikia barua. Alinisomea moja huku anakunja pua. Walisema amepata sauti mpya uzeeni. "Sauti," akasema. "Miaka yote nilikuwa nanong'ona, kumbe."

Mwaka ule nguzo za reli mpya ya Dubai zilipokuwa zimefika karibu na Marina, akaanza kukonda. Akataka kurudi kwa madaktari wa kwao. Siku ya kuagana nilimpa kanga, ya kweli, ya maua, nusu moja ya doti, na nyingine nikajifunga mimi ili aone. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba, mwanangu." Hilo mwanangu sikumfundisha mimi. Alilichukua mwenyewe uchochoroni. Nililia ndani ya basi toka Marina hadi Deira, na sikujali nani ananitazama.

Miezi minne baadaye binti yake akaja dukani Naif na bomba la karatasi ngumu kwapani. Nilijua kabla hajasema. Ami akasoma Inna lillahi, akamletea kiti, akanituma maji.

Akafungua mkoba akanipa picha ya kamera. Kitambaa kile kimening'inizwa kwenye roshani ya sebule yao, kizima, bluu huku na bluu kule, na mama yake amesimama mbele ya ule mchirizi mweupe, mikono nyuma, anatabasamu kama aliyefaulu mtihani. Nyuma iliandikwa tarehe ya siku moja kabla hajakileta dukani.

"Hiki ndicho alichokiita kimekamilika," akasema. "Ile nafasi ya katikati ilimchukua mwaka mzima. Kila siku aliamka akitaka kuitia rangi, akajizuia. Kwake yeye hiyo nafasi ndiyo picha. Zile bluu zilikuwa za kuishika tu isianguke."

Nikamtazama Ami. Ami alikuwa akitazama tasbihi yake.

"Ulijua?" nikamwuliza, na sikumwita Ami wala bwana.

"Mteja akisema ndivyo, basi ndivyo," akasema taratibu. "Mie nani hata nimkatalie?"

Kwanza niliudhika. Afadhali niseme kweli. Sikumlilia kwanza, nilimkasirikia. Kwamba aliniacha nishike kiuno mbele za watu, kwamba alinipa mkasi mara saba huku anajua, kwamba nilimwita asiyejua kanga na yeye akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza binti yake, kwa ukali, kama zile saba zilikuwa za kunionea huruma.

"Hapana. Usiku wa kwanza alilia, sikufichi. Siku ya pili hakutaka kula. Siku ya tatu alitandika vipande viwili sakafuni, akaviachanisha, akapita katikati kwa miguu yake. Akaniita. Akasema miaka yote alikuwa anaichora hiyo nafasi, hakujua mtu anaweza kuingia ndani." Akafuta macho. "Ila ile siku hapa dukani hakujua hayo. Ile siku alijua tu kwamba una mtoto."

Alivyosema hivyo ndipo nilipolia. Ami alitoka nje akasimama uchochoroni, akijifanya anatafuta mtu.

Bomba lilikuwa langu. Kipande kimoja kimekwenda kwenye makumbusho ya mji wake wa reli, ambako siku za ujana wake hawakumruhusu hata kuingia. Cha pili aliandika nipewe mimi. Kwenye karatasi alitia maneno machache tu, kwamba mwenye kuijua sheria ya doti hahitaji maelezo.

Nimerudi Tanga siku nyingi. Mwanangu hakuchukuliwa na mtu. Sasa ni mkubwa, ana cherehani yake na ulimi kama wangu. Kipande kinaning'inia ukuta wa sebule, na majirani wakiingia wanauliza hiyo ni nini. Nawaambia ni doti, mwenzake yuko Marekani. Wengine wanaridhika. Wengine wanatafuta jina pale chini, na wakilikosa wanajisomea lao.

Juzi juzi nilikishusha kukipangusa vumbi nikakaa nacho mapajani, ukingo wa katikati juu. Mshono bado umenyooka. Ndani ya pindo lile, imekunjwa mara mbili, iko nusu ya ile nafasi yake nyeupe, safi kama alivyoiacha. Ningefumua ningeiona. Na yeye angeweza kufumua, kwani uzi ni uzi tu, na binti yake aliniambia alimshauri hivyo usiku ule wa kwanza: tufumue, wapo mafundi wa kuunganisha picha, maonyesho bado mbali. Mama yake alikataa. Alimwambia amefikiri kuniomba niwe nakwenda kumsaidia siku za Ijumaa, na nikija nitaona pindo limefumuliwa, nitajua.

Mkono wangu, usiojua kukaa bure, uliuzungukia uzi ule kwa muda mrefu. Mkasi ulikuwa hapo hapo kitini. Nikakitundika tena ukutani, na pindo lake.